Jumwa Akataa Kiti

Kiti chenyewe kilikuwa cha plastiki, cheupe, chenye mikono, kama vile vinavyokodishwa harusini. Kililetwa nyumbani kwa Jumwa siku alipotolewa plasta mguuni, na aliyekileta ni wifi yake Kadzo, dada wa mumewe, mwanamke wa maneno mengi asiyeingia mahali bila kupanga nani akae wapi. Alikiweka barazani penye kivuli, akatia na mto uliokwisha kubonyea katikati, akaupigapiga.

"Haya, wifi. Kiti chako hiki. Kazi umefanya vya kutosha. Sasa ni wewe kuketi na sisi kukuhudumia."

Jumwa alikuwa mlangoni ameegemea magongo yake mawili. Alikitazama kile kiti kama aliyeletewa sanda aijaribu.

"Nani amekwambia mimi ni wa kuketi?"

"Goti lako limesema."

Goti lilikuwa limesema kweli, hapo hapana ubishi. Miezi kadhaa nyuma Jumwa alikuwa anatoka sokoni Ukunda na gunia la nazi kichwani, akakanyaga ubao uliooza juu ya mtaro, ubao ukakatika. Nazi zilitawanyika mpaka barabarani, na pia ya goti lake la kulia ikapasuka. Akafungwa plasta kutoka pajani hadi karibu na kifundo cha mguu. Muda wote huo hakuachwa ainue hata kikombe. Majirani walikuja na uji, mashoga wakaja na matunda, kila mmoja akimwambia atulie, asijisumbue, mgonjwa kazi yake ni kulala. Plasta ilipotoka, paja lilikuwa limekonda na goti limegoma. Ukimwambia alikunje, linakubali kidogo tu, kisha basi.

Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo la kuhuzunisha. Kwa Jumwa lilikuwa tusi. Huyu ni mwanamke aliyekuja Ukunda kutoka Kinango akiwa bi harusi, akafungua kibanda cha chakula nyuma ya barabara kuu, na leo hata wapishi wa hoteli za Diani, waliopikia wageni mchana kutwa, wakitoka kazini huja kula kwake. Wali wake ni wa nazi, maharagwe ni ya nazi, hata mchicha ni wa nazi, na nazi hizo hamwachii mtu mwingine. Kila alfajiri huketi juu ya mbuzi yake, kile kigoda kifupi chenye ulimi wa chuma wenye meno, magoti ameyakunja yamepanda juu, na huyo anakuna. Mbuzi yenyewe alipewa na mama yake. Mti wake umekuwa laini kwa kukaliwa.

Tena kulikuwa na harusi inakuja. Nzai, mwanawe wa kwanza, anayetandika vitanda katika hoteli moja huko Diani, alikuwa amechumbia binti wa watu wa Mkongani. Na katika boma la akina Chome, mumewe Jumwa, wana desturi yao. Nazi ya kwanza ya wali wa harusi hukunwa na mama wa bwana harusi, ameketi juu ya mbuzi, wanawake wote wamemzunguka. Mama yake Chome alimkunia Chome hivyo hivyo, na watu wanalisema mpaka leo. Mama akishindwa, hukuna shangazi wa bwana harusi. Na shangazi ndiye Kadzo.

Kwa hiyo Jumwa alijua anachoangalia pale barazani. Ukikikalia kiti hicho leo, siku ya harusi utakikalia pia. Utapewa soda na mrija, utaulizwa kama jua halikupigi, na wenzako wako jikoni wanacheka bila wewe. Alikuwa amewaona wanawake wakianzishiwa hivyo hivyo, kwa mapenzi matupu, na hawakuinuka tena.

"Kirudishe," akasema.

"Wifi jamani, kwa umri huu..."

"Kirudishe, Kadzo, au nitakianikia matambara!"

Kiti hakikurudishwa. Basi Jumwa akakianikia matambara, na kila aliyepita njia aliyaona.

Daktari aliyemtoa plasta alikuwa amemwambia aende kwa fizio, mtaalamu wa viungo, kwenye kituo kimoja cha afya upande wa Msambweni. Kadzo akaona huo ni upuuzi. Mtu amevunjika, mfupa umeshika, anaenda kutafuta nini tena? Siku ya siku ilipofika Jumwa alijifunga leso yake mpya, akachukua magongo, akaenda.

Fizio alikuwa kijana wa bara anayeitwa Gilbert, mrefu huyo, wa kuinama kila mlango.

"Sasa, mama, uko fiti?" ndivyo alivyomlaki.

Jumwa alimpima kwa macho kutoka viatu mpaka nywele.

"Kwenu hakuna shikamoo?"

"Iko, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa tunaweza kuzungumza."

Wakazungumza, na maswali ya kijana hayakuwa na mwisho. Ulianguka vipi? Panauma wapi, upande huu au ule? Asubuhi ukiamka goti likoje? Nyumbani kuna ngazi? Choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa? Jumwa akaona haya kidogo hapo kwenye choo, lakini akajibu. Mwishoni Gilbert akauliza, "Na wewe mwenyewe, mama, unataka goti hili likufanyie nini?"

"Nataka kukuna nazi."

"Sawa. Kazi za jikoni," akasema Gilbert, na wakaendelea. Jumwa akaliacha lipite, maana kwake kazi za jikoni ni zipi tena?

Kijana akaleta kitu cha plastiki, kama rula mbili zilizounganishwa, akaliwekea goti na kulipima linakunjika kiasi gani na linanyooka kiasi gani. Kisha akamwomba apande kitandani. Jumwa akapanda, akalala chali, akafunika vizuri kwa leso pasipohusika, akafumba macho na kungoja. Akangoja. Alipofumbua, Gilbert alikuwa amekunja taulo na kuliweka chini ya goti lake.

"Kaza paja, mama. Bonyeza hilo taulo chini."

"Na mafuta?"

"Mafuta gani?"

"Ya kunikandia, mwanangu! Hukuleta mafuta?"

Gilbert akacheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akainua kichwa. "Mama, hapa kukanda ni kidogo sana. Kazi yenyewe ni yako. Mimi nakuonyesha, nakuangalia usijiumize, na wiki ijayo naangalia kama uliifanya nyumbani."

"Lo! Yaani nimetoka Ukunda mpaka hapa kuja kufanya kazi mwenyewe?"

"Hapa na nyumbani. Zaidi nyumbani."

Alikasirika, lakini alibonyeza taulo. Paja lilitetemeka kama la mtoto anayejifunza kusimama. Alikuwa amebeba magunia ya mahindi na watoto kwa miguu hii, na sasa kulikaza paja moja tu kunamtoa jasho! Hasira zake zote akazipeleka kwenye lile taulo.

Sasa lazima lielezwe jambo moja kuhusu adabu, maana ndilo lililotaka kumponza. Kwa watu wa kina Jumwa, ukiulizwa hali husemi mbaya. Utasema salama, namshukuru Mungu. Ukiulizwa mara ya pili utasema sijambo kidogo. Mwenye kutaka kujua kwa dhati huuliza mara ya tatu, na hapo ndipo mtu hutua mzigo wake. Hata anayekufa hujibu hivyo. Gilbert hakulelewa pwani. Yeye huuliza mara moja, anaamini, anaendelea.

"Inauma, mama?"

"La, mwanangu. Salama."

Angesema nini? Mama mzima, anayetarajia mkwe, alie mbele ya kijana aliyemshika mguu? Basi Gilbert akaona huyu mama ana nguvu za ajabu, akaongeza. Alimpa mazoezi ya kuburuta kisigino sakafuni, akayafanya nyumbani kwenye saruji amevaa soksi ya Nzai. Akampa kupanda na kushuka kidaraja. Akamkunja goti kwa mikono yake, kila wiki zaidi. "Inauma?" "Salama." Na Jumwa naye, kwa kichwa chake kigumu, akiambiwa afanye mara mbili kwa siku, hufanya kila anapomwona Kadzo. Na Kadzo alikuwa haondoki pale nyumbani.

Goti likavimba. Lilivimba asubuhi moja mpaka pia yake haionekani ilipo, la moto, na usiku wake Jumwa hakuwa amelala. Kadzo akaja, akalitazama, akayaondoa matambara kwenye kiti, akamkalisha. Jumwa alikaa. Hakuwa na la kufanya. Alikaa hapo na machozi yanamtoka, na hayakuwa ya maumivu. Ni hasira! Alitaka kulipiga lile goti kwa gongo. Siku ya kwenda Msambweni ilipofika hakwenda, na iliyofuata hakwenda.

Chome mumewe, ambaye si msemaji, aliketi naye barazani akanywa kahawa yake. "Ukitaka kuacha, acha," alisema. "Mimi sikukuoa kwa sababu ya nazi." Aliyasema kwa upendo, na Jumwa akamnunia mpaka jioni.

Kilichomwinua ni sauti ya Kadzo uani, anawaambia majirani waliokuja kupanga mambo ya harusi. "Msiwe na wasiwasi, nazi ya kwanza nitakuna mimi. Mama Nzai atakaa hapa kwenye kiti, tutamfunga kanga nzuri, atapendeza." Na majirani wakaitikia eeh, kweli, atapendeza.

Atapendeza! Kama pazia! Kesho yake asubuhi magongo hayakuwapo na Jumwa hayupo.

Gilbert alipoliona goti aliinama. Akaliwekea kiganja, akasikia joto lake.

"Inauma?"

"Salama, mwanangu."

Akabonyeza kidogo tu, pembeni. Uso wa Jumwa ukajikunja wote.

"Mama Nzai, nani ananidanganya hapa, wewe au goti?"

Jumwa akatazama ukuta. Gilbert akavuta kigoda, akakaa chini yake, akaongea polepole kuliko siku zote. Alimwambia maumivu si ya aina moja. Kuna yale ya kuvuta, ya kitu kilichokazana kinafunguliwa, ambayo ukiacha yanaondoka nawe unaenda zako. Hayo ni ya kazi, na hataki kumdanganya, yatakuwa mengi. Na kuna yale makali, ya kuchoma, yanayokufuata mpaka kitandani na asubuhi goti limevimba. Hayo yanasema tumepita kiasi, na ukiyanyamazia unarudi nyuma ulikotoka. "Sasa mimi sina dawa ya kuona ndani. Dawa yangu ni mdomo wako. Na wewe unanijibu kama tuko kwa matanga tunapeana pole. Ikiuma, sema. Piga kelele. Nitukane, ukitaka."

"Nikutukane?"

"Nitukane, mama. Hapa ndani ni ruhusa."

Akashika mguu, akaanza kuukunja taratibu. Na Jumwa, aliyekuwa ameyaweka moyoni tangu siku ya mtaro, akafungua mdomo. "Wee mtoto!" akapiga kelele. "Wee mtoto mkatili! Mikono gani hiyo! Nani alikuzaa wewe!" Chumba kizima kikaangua kicheko. Gilbert akaendelea kukunja. "Wee mtoto, wee mtoto, wee... mama yangu!"

Gilbert akaacha papo hapo. "Hapo ndipo mwisho wetu wa leo," akasema.

Tangu siku hiyo wakaelewana. Jumwa akisema "wee mtoto", kazi inaendelea. Akisema "mama yangu", mikono inaachia. Mazoezi yakapunguzwa kwanza, ndipo yakapandishwa tena kidogo kidogo. Jioni alinunua barafu kwa wauza samaki, akaifunga kwa kitambaa na kuliwekea goti, naye akinuka samaki changu mpaka Chome akahamisha kikombe chake cha kahawa. Uvimbe ukashuka. Gongo moja likaachwa nyuma ya mlango, kisha la pili. Zilikuwapo wiki ambazo goti halikusogea hata kidogo, likakaa pale pale kwa ujeuri, na Gilbert akamwambia ndivyo huwa, lina siku zake. Jumwa akasema yeye pia ana siku zake, na tutaona nani atachoka kwanza.

Ikafika siku Gilbert akapima kwa zile rula zake, akatabasamu.

"Shikamoo, mama, leo nina habari njema." Siku hizi alianza na shikamoo bila kuambiwa. "Unatembea, unapanda ngazi, unakaa kitini vizuri kabisa. Tumefika. Naweza kukuachilia uende zako."

Jumwa alikuwa ameshaanza kutabasamu. Akalisikia lile neno.

"Ninakaa wapi?"

"Kitini."

"Mwanangu, mimi nilikwambia siku ya kwanza. Nilikwambia nataka kukuna nazi."

"Ndiyo, jikoni. Kwani si unasimama kwa meza?"

Jumwa alimwangalia. Alishuka kitandani, akavaa viatu, akaaga kwa heshima zote. Safari iliyofuata alirudi na furushi kubwa la leso chini ya kwapa. Mlinzi wa getini akataka kujua ni nini. "Ni jibu," akamwambia, akapita. Akaifungua leso katikati ya chumba cha mazoezi, akaiweka mbuzi sakafuni, akaukunjua ulimi wake.

"Hii ndiyo kazi yangu ya jikoni."

Gilbert akaizunguka. Akachuchumaa, akaikalia yeye mwenyewe kujaribu, magoti yakamfika masikioni, na wagonjwa wote wakacheka mbavu hawana. Yeye hakucheka sana. Alibaki pale chini anapima kwa macho goti linavyotakiwa kukunjika.

"Nisamehe, mama," akasema. "Nilikuuliza swali, sikungoja jibu lote. Huku chini ni mbali. Ni mbali sana kuliko kiti. Na sitakuahidi. Pia ya goti ikishapasuka, kuna magoti hayarudi yote, hata ufanye nini."

"Nimekuomba ahadi?"

"Hapana."

"Basi tuanze."

Gilbert akafikiri, akaomba leso zote zilizokuwapo na blanketi la kitanda. Akazikunja, akazipanga juu ya kigoda cha mbuzi mpaka kikawa na kimo cha kiti kifupi. "Kaa hapo. Ukizoea, tunatoa moja." Akamfundisha na kuteremka, mguu mbaya mbele kidogo, uzito wa mwili kwenye ule mzima. Akamfundisha na kuinuka, jambo ambalo Jumwa hakuwa amelifikiria kabisa. Geuka pembeni, kiganja sakafuni, mguu mzima chini yako, sukuma. Hapana kurukaruka, hapana kuvutwa na watu mikono.

Nyumbani Chome ndiye aliyekuwa mtoaji wa leso. Aliichukua kazi hiyo mwenyewe, hakuombwa. Kila baada ya muda, Jumwa akishaketi na kuinuka bila kusema "mama yangu", Chome huja kimya kimya akachomoa leso moja, akaikunja na kuiweka kabatini. Rundo likashuka. Kibandani Jumwa akaanza kukuna tena, ameketi juu ya kitita kama malkia, na wateja, waliovumilia mapishi ya wengine miezi yote hiyo, wakasema wali umerudi kuwa wali. Lakini leso ya mwisho ikakataa. Kila Chome alipoichomoa, goti lilifika mahali likasema hapana, na Jumwa akaitaka irudishwe. Harusi ikafika na ile leso ingali pale.

Siku ya mapishi uani kulijaa wanawake, sufuria, moshi na kelele. Kadzo alikuwa amesimama katikati anatoa amri, huyu maji, yule kuni, wewe mchele haujaoshwa. Ndivyo alivyo Kadzo jikoni, husimama tu. Kando ya mlango kiti cheupe kilikuwa tayari, kimefungwa kanga mpya, na mto wake juu.

"Mama Nzai, njoo kwenye kiti chako," Kadzo akaita. "Nazi zimeshavunjwa."

Jumwa akatoka ndani. Alikuwa ameibeba mbuzi yake, na leso ya mwisho iko juu yake imekunjwa. Akaiweka katikati ya uwanja. Kelele zikapungua, kisha zikaisha kabisa, mpaka zikasikika kuni zinavyolia. Nzai alitokea kona ya nyumba, akatazama, akabaki hapo hapo.

"Wifi, usijiumize mbele za watu," Kadzo akasema, safari hii kwa sauti ya chini. "Leo si siku ya ushindani. Kaa, nitakuna mimi."

Jumwa aliiangalia ile leso. Angeweza kuiacha, nani angemlaumu? Aliinama, akaichomoa mwenyewe, akajifunga kiunoni. Akatanguliza mguu mbaya mbele kidogo, akaanza kushuka. Akashuka. Goti likafika mahali pake pa siku zote, likasema hapana.

"Wee mtoto!" Jumwa akapiga kelele.

Wanawake wakatazamana. Mtoto gani tena? Wengine wakafikiri uchungu umempanda kichwani. Yeye akashuka zaidi. "Wee mtoto! Wee mtoto mkatili!" Jasho likamtoka mpaka kidevuni, na akasikiliza, akalisikiliza goti lake kwa makini kama lilikuwa na lile neno la pili. Hakulisikia. Akakalia mti mtupu wa mama yake. Akanyoosha mkono.

"Nipeni nazi."

Vigelegele vilivyopigwa vilisikika mpaka barabara kuu. Alikuna nazi ya kwanza, ya Nzai, na mkono haukuwa umesahau chochote. Akakuna ya pili, hakuna aliyemwomba. Alipomaliza, mikono ikaja kutoka kila upande kumwinua.

"Nani kawaita?" akawauliza. Mikono ikarudi. Akageuka pembeni, kiganja mchangani, mguu mzima chini yake, akasukuma. Aliinuka polepole sana na kwa sura mbaya, lakini aliinuka.

Aliposimama wima akamtafuta Kadzo kwa macho, maana alikuwa na maneno yake, ameyaandaa miezi. Kadzo alikuwa ameshika nguzo ya mlango kwa mikono miwili. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja. Ule mwingine ameuegesha tu, ncha ya kidole inagusa chini. Jumwa akamtazama. Akautazama na ule mto uliobonyea, uliokuja tayari umebonyea kutoka nyumbani kwa Kadzo. Akajiuliza lini mara ya mwisho alimwona wifi yake ameketi chini. Hakukumbuka. Na huyu ndiye aliyekuwa anasema nazi ya kwanza ataikuna yeye!

Maneno aliyoyaandaa yakamtoka akilini. Akakiburuta kile kiti, akakisukuma nyuma ya magoti ya Kadzo, na Kadzo akaketi kwa kishindo, pumzi zikamtoka ndefu.

"Goti hilo, wifi. Vipi?"

"Salama," akasema Kadzo. "Namshukuru Mungu."

"Goti vipi, Kadzo?"

"Sijambo kidogo."

Jumwa akainama mpaka uso wake ukawa karibu na wa wifi yake, mikono imejaa nazi.

"Goti vipi?"

Kadzo akatazama chini.

"Linaniua, wifi," akasema. "Mwaka wa pili huu. Linaniua."

"Basi harusi ikiisha twende Msambweni wote wawili," akasema Jumwa. "Na jiandae, maana yule kijana huuliza mara moja tu."